Siku Mama Mkwe Aliponimwagia Maji

Jamani, hili jambo nikilikumbuka natamani kuingia chini ya kitanda, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Mugoma, maana wale wanaongeza chumvi.

Asubuhi ile nilikuwa shambani kwangu Bukiriro napulizia nyanya dawa ya wadudu, bomba linanivujia mgongoni, na mchana natakiwa kwa wakwe zangu Mugoma kwenye sherehe ya kipaimara cha shemeji yangu mdogo. Bodaboda akaja mapema, honi haikatiki. Nikajisemea, kuoga kwa nini, nitanawa uso! Nikavaa shati jeupe na koti juu ya fulana ileile iliyolowa dawa (msinicheke, ilikuwa imeanza kukauka).

Wakaniketisha meza ya wageni wa heshima. Jua likawaka, koti likachemka, jasho likanitoka, kisha machozi, kisha udenda. Nikamsikia mjomba wa mke wangu akinong'ona, "Mkwe kashapiga pombe ya rubisi kabla hatujamkaribisha." Nikasimama kujitetea, nikatapika kwenye sahani ya katekista.

Aliyenusa dawa kwenye koti langu ni mama mkwe. Akapiga yowe, nikapakiwa kwenye gari la mgeni mmoja, mama mkwe akapanda humohumo, mke wangu akafuata kwa pikipiki na mtoto mgongoni.

Hospitalini muuguzi alinimulika tochi machoni, akasikiliza kifua, akahesabu ninavyopumua, akatazama misuli ya mkono inavyorukaruka, akaniuliza jina langu na kama najua niko wapi. Nikajibu vyote. Akamwambia daktari, "Mboni zimebana kama tundu la sindano, kifua kina maji, ila akili anazo." (Kuhusu hiyo akili sikubaliani naye.) Daktari akasema sijafika pabaya kabisa, lakini sumu bado inaingia kupitia ngozi. "Vua vyote, uoshwe sasa hivi!"

Nikakataa. Mama mkwe alikuwa pale pale! Kwetu hata kumpa mkono mama mkwe ni jambo la kufikiria, sembuse kumvulia nguo. Nikashikilia mkanda wa suruali kwa mikono miwili huku kifua kinakoroma, na muuguzi ananiambia nikizidi kuchelewa nitashindwa kupumua mwenyewe. Hapo niliogopa kufa, nawaambia kweli.

"Wewe mtoto," mama mkwe akafoka, "unataka binti yangu awe mjane kwa sababu ya suruali?"

Mkanda nikauachia. Yeye akajifunika uso kwa kitenge, akashika ndoo, akamwaga. Kwa kuwa haoni, ndoo ya kwanza ilimpata daktari.

Basi wakanidunga sindano mpaka kifua kikakauka, nikalazwa, nikapona. Siku hizi nikitoka kupulizia naoga kwanza, hata kama bodaboda atapasua honi, na nguo za dawa hazivuki mlango wangu. Wanaocheka wacheke, mimi nafurahi kuwa hai. Juzi nilikutana na mama mkwe nje ya kanisa, nikainamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema. "Leo naona umevaa."