Mbio za Mariana

Siku diwani alipoitisha mkutano wa kujadili malori, Dorotea alifika mapema akakaa dawati la mbele, kwenye chumba cha darasa la tatu. Magoti yake yaligonga ubao wa dawati. Mwanawe Mariana alisoma chumba hichohicho mpaka Machi ya mwaka ule wa 1997, na Dorotea alijilaumu kwa kutosimama nje dirishani kama wengine.

Hapa Mpanda mjini wengi walimjua. Kwa miaka sita alikuwa akiuza chai na maandazi njia ya stesheni, ambako malori ya mpunga yalipaki pande zote mbili za barabara yakingoja mabehewa. Mumewe, Wilbert, alikuwa kuli wa magunia hapohapo. Mariana, mtoto wao wa pekee, aliwapelekea madereva maandazi kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Siku moja alitokea katikati ya malori mawili yaliyosimama, na la tatu, lililokuwa likipita, halikumwona. Alikuwa na miaka tisa.

Sasa wakubwa walikuwa wameleta pendekezo: gari lolote lisipaki kandokando ya barabara yoyote ya mji, na malori yahamie uwanja mpya njia ya Kakese. Afisa aliyelisoma alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi ikakubali, na alisoma kama mtu anayetangaza matokeo ya timu asiyoishabikia.

"Tunaye mama mmoja hapa," alimalizia. "Malori hayo yamemuua mtoto wake. Nyie mnataka nini zaidi?"

Watu wote wakamgeukia Dorotea. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kutajwa.

Celestin, mfanyabiashara wa mpunga, akasimama. Nisimwonee, alikuwa mtu mwema. Msibani alileta gunia zima la mchele na alilia kwelikweli. Lakini uwanja ule ulikuwa mbali na reli, na mtu akiguswa riziki yake huongea kabla ya kufikiri.

"Mama Mariana ni dada yangu, anisamehe," alisema. "Ila lori lililosimama halimgongi mtu. Yule mtoto alikuwa mtundu, hasikii. Kila siku tunamkataza kukimbia, yeye anakimbia. Mji mzima uadhibiwe kwa utundu wa mtoto mmoja?"

Wengine wakaitikia kwa kuguna, na miongoni mwao walikuwemo waliobeba jeneza. Kule nyuma Wilbert alianza kupenya aende mbele, amekaza ngumi, wenzake wakamshika.

Dorotea alikuwa amekuja kunyamaza. Pendekezo likipita, biashara yake imekufa. Lisipopita, ataendelea kumimina chai hatua kumi kutoka pale pahali alipogongwa mwanawe. Kote kulimuuma, akaona wenye mji wao waamue. Lakini lile neno, hasikii, lilimchoma. Mtoto alishamzika. Kumwachia na jina baya juu yake, hapana, hakuweza.

Akasimama.

"Mariana alikuwa anasikia," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia akimbie. Goreth anayeuza chai upande wa pili alikuwa ananiwahia wateja. Nikamwambia mwanangu, lori likisimama tu, pita katikati, usizunguke, ukichelewa maandazi yanarudi nyumbani. Alikuwa anaogopa. Aliniambia, mama, naogopa. Nikamtuma, akaenda. Msimwite mtundu."

Celestin akakaa, akafunika uso kwa kofia yake. Afisa akapekua karatasi ambazo alishazisoma. Diwani alipoomba mikono, walioliunga mkono pendekezo walikuwa wengi, na Celestin alikuwa mmoja wao. Dorotea hakunyoosha mkono upande wowote.

Aliyemtia hofu ni Wilbert. Miezi saba alikuwa akiwalaani madereva asubuhi na jioni, na Dorotea alimwacha awalaani huku yeye akiinamia jiko. Walirudi kwa njia ya stesheni, mume mbele, mke nyuma. Dorotea alisubiri kufukuzwa. Alishaanza kuwaza nguo zipi afunge, na kama dada yake wa Sitalike atampokea.

Walipofika pale pahali, Wilbert akasimama katikati ya malori mawili, akashika bodi la mojawapo.

"Nilikuwa namwona," alisema. "Kila asubuhi, nikiwa juu ya magunia. Anapenya humu na sinia kichwani, utingo hajafungua hata mlango. Nawaambia wenzangu, mwoneni binti yangu, hakuna wa kumshinda."

Akamgeukia mkewe.

"Nilikuwa nampigia makofi, Dorotea."