Samaki wa Bahari na Kipima Maziwa cha Koko

Bulu, bulu, bulu. Hata leo, ukinikuta nimezubaa na kuniuliza nasikiliza nini, huenda ni hiyo. Wengine wa rika langu wanakumbuka kengele ya shule. Mimi nakumbuka mapovu ya hewa yakipanda ndani ya maji. Niliyasikia mara ya kwanza nikiwa nimeshika shavu, machozi yananitiririka, kwenye benchi la kliniki moja ya meno pale mjini Arusha.

Wenzangu mliokulia mtaani Ngarenaro miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Maduka yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Unapita asubuhi ni kibanda cha mkaa, unarudi jioni kimepakwa rangi ya bluu, kinauza redio na sabuni za kutoka Dubai. Kila aliyefungua duka alitaka shoo-kesi ya kioo, na baba yangu alikuwa fundi vioo. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Sisi watoto wa nyumba ile tulikatazwa kukimbia kabla hata hatujajua kutembea.

Sasa pale kliniki, pembeni mwa benchi, palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wa rangi ambazo nilidhani zipo kwenye khanga tu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Jino nikalisahau. Dada wa mapokezi, Dada Rehema, mzaliwa wa Tanga, akaniona nimeganda.

"Hayo ni maji ya bahari, mwanangu," akasema. "Usitie kidole, watakucheka hayo meno."

Meno yangu yalikuwa na ukahawia unaotokana na maji ya kwetu, kama ya nusu ya darasa letu. Nikafunga mdomo haraka.

"Hata ukifunga. Nyie watoto wa maji ya Meru mnajulikana hata mkinuna."

Nilimpenda siku hiyohiyo. Nikamwambia nami nataka samaki kama wale. Sikujua kwamba ni neno kubwa. Yeye hakucheka. Aligeuza kadi ya miadi ya kliniki, akaandika nyuma yake: tangi, pampu ya hewa, chujio, hita, kipimajoto, kipima chumvi. "Samaki hayumo humo," akasema. "Samaki ni wa mwisho. Ukimleta kabla ya vyombo, umemleta afe." Shuleni nilikuwa naanza kuhesabiwa kutoka nyuma, lakini kadi ile niliikariri kama sala.

Baba aliposikia alitikisa kichwa, kisha nikamwona anapima vipande vya kioo vilivyobaki kwenye shoo-kesi za watu. Alitaka kutengeneza kitu kidogo cha kukaa juu ya kabati. Dada Rehema akakataa. Alisema tangi dogo ndilo gumu kwa anayeanza, maji kidogo yanaharibika upesi kama sufuria ndogo inavyoungua upesi. Hapo ndipo nilipoanza kazi ya utarishi. Baba akitaka kuziba pembe kwa pati ya madirisha, natumwa kliniki. Dada Rehema anasema hapana, gundi ya silikoni, ile isiyotiwa dawa ya ukungu. Baba akitia fremu ya alumini yenye kung'aa, fahari yake, narudi tena.

"Mwambie baba yako bahari inakula chuma, na hiyo alumini itaitafuna vilevile."

"Mwambie huyo dada," Baba akajibu, "mimi nimeanza kukata vioo yeye akiwa anatambaa."

Kesho yake fremu ilikuwa imetolewa. Alichogoma kutoa ni stika ya KARIBU WATEJA, ikabaki pembeni chini. Silikoni ilinuka siki wiki nzima, Mama akalalamika kwamba analala ndani ya kachumbari.

Hita tulikuwa nayo bila kujua. Mama aliinunua kwenye vyombo vya mtumba, kijiti cha kioo chenye waya, akiamini ni cha kuchemshia chai. Chai ile haikuwahi kuchemka hata siku moja. Mama alijitetea kwamba huenda huko ilikotoka wanakunywa vuguvugu. Dada Rehema alipoiona alicheka mpaka mgonjwa mmoja akasahau kuugulia, kisha akanifundisha: izamishe kwanza ndiyo uwashe, zima kwanza ndiyo uitoe, la sivyo inapasuka. Pampu ya hewa tuliipata kwa muuzaji huyohuyo wa mtumba, aliyekuwa akiinadi kama redio isiyoshika stesheni. Kipimajoto kilikuwa kimefungwa pamoja nayo. Chujio tulitengeneza kwa sponji mpya na kipande cha mpira.

Kikabaki kipima chumvi. Hicho Arusha nzima hakikuonekana.

Dada Rehema akanionyesha chake: kijiti cha kioo chenye tumbo, kinaelea wima majini. Maji yakizidi chumvi kinanyanyuka, yakipungua kinazama. Nikamwambia, "Dada, hicho kwetu kipo. Wanapimia maziwa."

Hakuniamini. Lakini nilikuwa nimekiona tangu mdogo kwa Koko. Koko, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi, aliishi magharibi ya mlima Meru na ng'ombe wake wanne, na kila asubuhi mnunuzi wa maziwa alitumbukiza kijiti kama kile kwenye ndoo yake kuona kama hajatia maji. Likizo fupi ya mwezi wa nne nikapanda kwake. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosi, nikamwamkia na kumweleza shida yangu.

Mjue kwamba kwa wazee wetu wa wakati ule samaki hakuwa chakula, na wengine hawakutaka hata kukaa jirani naye. Koko alimwita nyoka aliyekosea njia.

"Mimi nilidhani wananipimia maziwa kwa sababu hawaniamini," akasema. "Kumbe hata bahari haiaminiki?"

Alimsumbua yule mnunuzi mpaka akampa kipima chake cha zamani, ambacho namba zake zilikuwa zimefutika. Akakifunga ndani ya soksi akanipa. Nilipoanza kushukuru akanikatiza. "Sitaki asante. Nitakuja Jumapili moja nimwone huyo mnyama anayekaa kwenye maji mazito kama maziwa."

Namba kufutika hakukututia hofu. Tulikiacha kielee kwenye tangi la kliniki, na pale yalipofikia maji Dada Rehema akachora mstari kwa rangi yake ya kucha, nyekundu. Hicho ndicho kilikuwa kipima chumvi chetu, na sijaona kingine kizuri kama kile.

Maji aliyaleta Mjomba Lazaro, mdogo wake Mama, aliyeendesha lori la saruji kati ya Tanga na Arusha. Safari ya kwanza aliyachota kwa madumu ya mafuta ya kupikia, yakaja na utando unaong'aa juu. Dada Rehema akasema yamwagwe yote. Mjomba alisimama uani akiyatazama yanavyokwenda. "Nimeyabeba kama yai," akasema, "hata kwenye makorongo nilikuwa napunguza mwendo." Safari iliyofuata akaja na madumu mapya na mfuko wa mchanga wa ufukweni.

Samaki bado. Dada Rehema akaamuru maji yazunguke na mapovu wiki kadhaa, yajizoeze, akatia humo jiwe moja la tangi lake. Basi majirani wakaanza kuja kutazama maji. Mtaa mzima ukasema wale wa vioo wanafuga maji. Kina mama wakinikuta kisimani: "Vipi, yamekua?" Mimi najibu hayajambo.

Ndipo Mjomba akamleta. Samaki mmoja, mrefu kama kidole changu cha kati, wa manjano mgongoni, mwenye milia myeusi, amesafiri kwenye ndoo yenye mfuniko kwenye kiti cha mbele. Tukamwita Utingo, kwa kuwa alikuja na lori. Saa ya kwanza alijificha nyuma ya stika ya KARIBU WATEJA. Saa ya pili alikuwa ameshachukua tangi lote kuwa lake, akishambulia kivuli cha kidole cha Baba. Baba, aliyesema hana muda na mambo ya kitoto, alihamishia kigoda chake cha kazi mbele ya tangi.

Kosa langu la kwanza lilikuja wiki hiyohiyo. Maji yalipungua vidole viwili, nami nikajaza kwa maji ya bahari ya akiba. Kipima kikanyanyuka, mstari mwekundu ukawa hewani. Nikakimbia kliniki nikihema. "Kinachopotea ni maji, chumvi inabaki," Dada Rehema akasema. "Mama yako supu ikikauka anaongeza chumvi?" Tukayapunguza maji kidogo, tukarudishia maji ya mvua tuliyokinga masika, mstari ukashuka mahali pake. Nikatuma habari kwa Koko: mnyama yupo, njoo Jumapili.

Wiki hiyohiyo ukaja mgao wa umeme.

Mnaukumbuka mgao ule, na mnaikumbuka Arusha ya mwezi wa saba, ukungu unakaa mlimani mpaka mchana na watu wanapasha mikono moto kwenye majiko. Umeme ulikatika Jumatano asubuhi. Pampu ikanyamaza, hita ikanyamaza. Nililivika tangi blanketi langu na shuka nyekundu ya Baba. Baba akachomeka pampu ya baiskeli kwenye mpira wa hewa, nami nikapiga. Bulu, bulu. Mkono ukichoka nahamia mwingine, Mama naye akipita anapiga mara chache huku ananung'unika kwamba hajawahi kumpepea hata mumewe. Jioni umeme ukarudi. Alhamisi vilevile. Ijumaa, shule tukiwa likizo, nikaamka nikakuta Utingo yuko juu kabisa, mdomo nje ya maji, milia imepauka. Hakushambulia kidole changu.

Kliniki ilikuwa na jenereta. Hilo nililijua tangu Jumatano, na nilikuwa nalikwepa. Nikimpeleka, Koko anakuja Jumapili kukuta maji matupu, na Jumapili kliniki imefungwa, na Koko hawezi kulala mjini, ng'ombe wanamsubiri kukamuliwa. Mama alisema jaribu siku mbili tu, umeshamwahidi bibi yako. Baba alikuwa anapiga pampu.

Nilimtazama Utingo anavyohema. Nikasema, "Baba, toa baiskeli."

Nilikaa nyuma nimekumbatia ndoo ya maji ya tangi lake, Utingo ndani, Baba akikwepa mashimo kama Mjomba na lori lake. Dada Rehema alitupokea mlangoni, akaiacha ndoo ielee kidogo kwenye tangi lake ili joto lilingane, kisha akamwachia. Mpaka saa sita alikuwa anamfukuza samaki mkubwa mara tatu yake. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Jumapili Koko akaja, amevaa shuka ya ibada na shanga zake zote, na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amewaambia wanawake wenzake wote kwamba anakwenda kuona mnyama wa bahari. Nilimwamkia, nikabaki nimeinama hata alipokwisha kunigusa kichwa. "Koko, hayupo. Alikuwa anakosa hewa, nikampeleka penye umeme."

Alikaa kwenye kigoda cha Baba, akatazama tangi tupu kwa utulivu uleule anaotazamia zizi. Kipima chake kilikuwa kinaelea humo, mstari mwekundu mahali pake. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Ndama akikosa hewa unamtoa nje, humngojeshi wageni," akasema. Kisha, baada ya kulamba tena: "Chumvi hii ng'ombe wangu wangeipenda kuliko wanavyonipenda mimi." Akaondoka na dumu zima la maji ya akiba akanyunyizie majani yao, Baba kalibeba mpaka kituoni. Nasikia kijijini aliwaambia wote kwamba ameileta bahari.

Utingo alibaki kliniki penye jenereta, na Koko hakuwahi kumwona. Mpaka anatutoka, kila nilipomsalimia aliuliza, "Na yule wa maziwa mazito hajambo?" Nami namjibu hajambo, ametuzidi sote unene.

Siku hizi mpwa wangu anafuga samaki wa chumvi. Amegusa simu mara mbili, kikaja chombo kizima ndani ya boksi, taa zinawaka zenyewe, chumvi ya pakiti, umeme ukikatika betri inashika. Samaki wake wawili walikufa akajua siku ya tatu, kwa sababu simu haikumwambia. Nampenda sana mtoto yule, na vyombo vyake navionea wivu, nisiseme uongo. Lakini hajui mkono unavyouma ukimpumulia mwenzio, wala hajawahi kuitwa mfuga maji mbele za watu. Na kipima chake kina namba zote, hakina hata alama ya rangi ya kucha ya mtu.

Jumapili ile, baada ya kusikia gari la Koko limeondoka, nilirudi karakanani. Mama alikuwa jirani, Baba hajarudi kutoka kituoni. Tangi lilikuwa kimya, maji yametulia mpaka nikauona uso wangu na meno yangu yote. Nikachomeka pampu ya baiskeli kwenye mpira, nikapiga taratibu, mara kumi, kusikia tu.