Joto la Chumba cha Mzee Miloje

Zlatija Papić alijifunza ufundi wa joto la nyumba kwa hasira, si kwa kupenda. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kiwanda cha nguo alichokipa ujana wake kilikuwa kimefungwa, na baba yake, mzee Miloje, alikuwa ametolewa chumbani mwake na baridi. Jengo lao pale Užice, mji wa milimani huko Serbia, hupata maji ya moto kutoka boila la mji. Upande wa barabarani watu walikaa na fulana theluji ikianguka. Upande wa mlimani, kilipo chumba cha mzee, ghorofa ya saba, digrii hazikuvuka kumi na sita. Waliweka hita ya umeme, ikakausha hewa, mzee akakohoa mfululizo, na jikoni, penye joto, kitanda cha pili hakikuenea. Fundi wa mji alikuja mara mbili, akaweka kiganja juu ya rejeta ya ukutani, lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto, akasema, "Ina hewa hii, inazuia maji," akaenda zake. Hata hiyo hewa yenyewe hakuitoa.

Aliyetoa ushauri ni Vukica wa ghorofa ya nane, juu yao kabisa. Vukica hakuwa jirani tu. Ndiye aliyembeba binti wa Zlatija siku ya ubatizo, na kwa watu wa huko jambo hilo lina uzito kuliko udugu. Mungu yuko mbinguni, husema, na mzazi wa ubatizo yuko duniani.

"Mpeleke nyumba ya wazee, somo yangu," Vukica alimwambia jikoni, kikombe cha kahawa mkononi. "Kule kuna joto usiku na mchana. Hapa utamuua."

Akaendesha gari mwenyewe. Walipomfikisha, Zlatija alimwinamia akamwambia, "Baba, siku nitakapokipasha joto chumba chako, nakuja kukuchukua." Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemridhisha mtoto.

Basi ofisi ya ajira ilipotangaza kozi ya wiki sita, misingi ya kupasha joto na kupoza nyumba, Zlatija akajiandikisha wa kwanza. Darasani walikuwa wanaume kumi na mmoja na yeye.

"Mama, umepotea," alisema Ranko, jamaa mmoja mwenye ulimi mrefu. "Darasa la kusuka liko chini."

"Nimesuka miaka thelathini, mwanangu. Sasa nimekuja kufumua. Sogea nikae."

Wakacheka, akakaa, na kuanzia siku hiyo Ranko ndiye aliyembebea mkoba wa spana.

Mwalimu wao, fundi Radisav, alikuwa na tumbo kubwa na subira ndogo. "Maji ni mvivu," aliwaambia. "Hufuata njia nyepesi. Kwenye majengo haya ya zamani hupanda mpaka juu, halafu hushuka kwa bomba moja, chumba kwa chumba. Kila mmoja anachota joto kidogo na kumpitishia wa chini yake. Ni chupa ya rakija inayozunguka mezani. Wa kwanza akigugumia, wa mwisho atalamba kizibo." Siku ya viyoyozi akawauliza mashine ile inatengenezaje baridi. Ranko akaanza kueleza, akakatizwa. "Haitengenezi chochote. Inachukua joto hapa na kulitupa pale. Baridi si kitu, Ranko. Baridi ni joto ambalo limechukuliwa."

Zlatija akaandika. Alijifunza kutoa hewa kwenye rejeta: kifunguo kidogo, bakuli chini, unasikiliza mluzi mpaka maji yatoke. Alijifunza kupima bomba linapoingia na linapotoka. Usiku aliota mabomba, na kwa mara ya kwanza tangu mzee aondoke, aliamka akiwa na matumaini.

Wiki ya nne akafungua rejeta ya baba yake. Hakukuwa na mluzi. Maji yakatoka mara moja. Hewa haikuwemo, fundi wa mji alikuwa amesema uongo wa kivivu. Akapima bomba pale linapotoka darini: digrii thelathini na moja. Akaenda jikoni, upande wa barabarani, akapima la huko: sitini na tano. Akarudi chumbani akasimama akiitazama dari. Maji yalikuwa yameshapoa kabla hayajafika kwake.

Akapanda ngazi bila kupiga simu. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu Vukica afanye ukarabati wakati wa kiangazi, hajawahi kukaribishwa kule. Kahawa yote ilinywewa kwa Zlatija, kwa kisingizio cha vumbi la mafundi. Vumbi gani la miezi sita?

Vukica alifungua mlango akiwa peku. Nikuambieni, mwanamke wa Užice hakanyagi marumaru peku Januari, hata nyumba ikiwaka moto. Tangu utotoni ameambiwa atapata ugonjwa wa figo. Mgeni naye hupewa ndara kabla hajavua koti. Zlatija alivua viatu, akangoja ndara. Hazikuja. Akakanyaga sakafu, na joto likampanda kutoka nyayo mpaka magotini.

Hakuhitaji kuuliza, lakini alipita hadi chumba kikubwa, kilicho juu ya kile cha baba yake, akavuta kochi. Nyuma yake palikuwa na kifuniko, na ndani koki mbili: moja ya kupeleka maji kwenye mabomba ya chini ya sakafu, nyingine ya kuyaacha yashuke moja kwa moja. Ya pili ilikuwa imefungwa kabisa, hivyo maji yote yalizunguka sakafuni kwanza, yakapoa, ndipo yakashuka.

"Fundi alisema hakuna atakayehisi," Vukica alisema nyuma yake.

"Baba alihisi." Zlatija hakugeuka. "Ulijua, siku ile unaendesha gari?"

Vukica akaokota mto ulioanguka kochini.

"Nakuuliza, Vukica. Ulijua?"

"Marumaru yalishalazwa, somo. Ningeyavunja? Na kule ana joto. Kila Alhamisi namtembelea, nampelekea sarma, ile kabichi ya nyama anayoipenda."

"Usiniite somo."

Akafungua koki ya pili, akafunga ya kwanza. Vukica akalia kwamba sakafu itapasuka. "Haipasuki," Zlatija alisema. "Nimesoma." Alishuka ngazi akiwa na viatu mkononi, na moyo wake ulimuuma kuliko siku aliyofiwa na mumewe, maana mumewe alimwacha bila kumdanganya.

Baada ya siku mbili chumba kilikuwa na digrii ishirini na mbili. Akaenda kumchukua baba yake. Alimsimulia yote akimkunjia nguo, akitegemea mzee angalau atukane. Mzee alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilijua," alisema.

Zlatija akaacha kukunja.

"Mafundi wa Vukica walipandisha mabomba ya plastiki kwa ngazi, nikawashikia mlango mimi. Baridi ilipoanza nikamuuliza Vukica. Alilia, akataka kukwambia. Nikamkataza."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi nina miaka themanini na mitatu. Mwanao yuko Vienna. Nikiondoka, utabaki na nani? Nikaona bora nikae huku mimi kuliko wewe umkose yule."

"Kwa hiyo mlijua wawili," Zlatija alisema, "na mimi nikawa nalia jikoni, na yeye akinifuta machozi."

Mzee alinyoosha mkono amshike, Zlatija akasogea, mkono ukabaki hewani. Zlatija akachukua koti, akamvika, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akamwongoza kwenye gari la kurudi nyumbani.