Vidukari kwenye mmea wa mdogo wangu unaokula wadudu

Wakuu, amani kwenu. Haya yametokea sebuleni kwangu hapa Buffalo na sijaongeza kitu.

Mimi ni mkubwa wa watoto watatu. Wazazi walifariki tukiwa Congo, nikaacha shule nilee wadogo. Tulifikia Louisville, tukahamia Columbus, sasa tuko Riverside, mtaa wa hapa Buffalo karibu na mto.

Mdogo wa mwisho, Neema, hakuwahi kuniomba kitu. Mwaka jana akaomba mimea miwili inayokula wadudu. Ina vinywa vyekundu. Nzi akitua, vinafumba kama kope.

Nikitoka zamu ya usiku kwenye warehouse asubuhi nilikuwa nakaa dirishani kuiangalia, theluji inaanguka nje, sijui kama nimeamka au bado naota.

Januari Neema akaenda Reynoldsburg, karibu na Columbus, kumsaidia shangazi aliyejifungua, mwezi mzima.

“Yaya,” akasema (kwetu ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa), “usiache ife, please.”

Wiki ya kwanza tu, nikaona vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, wamejaa kwenye majani machanga. Nilicheka peke yangu. Mla wadudu analiwa na wadudu!

Bon, haya. Kwetu milimani, vidukari wakiingia kwenye maharagwe tunanyunyiza majivu. Nikaomba majivu ya mkaa kwa jirani, nikaanza na chungu kimoja.

Baada ya siku tano, mmea ukawa mweusi. Ukafa. Na kwenye chungu cha pili wadudu walikuwa wananenepa.

Ilibidi nipige simu. Nikamwambia Neema nimeweka majivu.

“Majivu, yaya? Seriously?”

Kisha akaongea taratibu, kama nesi. “Hiyo haitaki mbolea wala maji ya bomba. Chota theluji safi, mbali na chumvi ya barabarani. Iyeyuke, maji yasiwe baridi tena. Halafu uzamishe mmea wote, na chungu chake, siku mbili.”

“Si utakufa maji?”

“Watakufa wadudu. We zamisha tu!”

Nikauzamisha kwenye ndoo, nikakaa kando yake. Vinywa vilikuwa wazi chini ya maji, vimetulia, mwanga mweupe unapita ndani yake. Vidukari wakaelea juu mmoja mmoja, kama vumbi. Wiki iliyofuata nikarudia, maana wachache walibaki. Baadaye likachipua jani jipya, limenyooka.

Neema aliporudi alisimama mbele ya kile chungu kitupu, koti bado mwilini. Nilisubiri anifokee.

“Nisamehe,” nikasema. “Nilifanya kama Mama alivyofanya bustanini kwake.”

Mama alipofariki, Neema alikuwa bado anabebwa mgongoni. Akageuka.

“Mama alikuwa na bustani?”

Donc, basi, tukakaa chini, koti linadondosha maji ya theluji, nikamsimulia tuta moja baada ya jingine.

Nilichojifunza: dawa ya shambani inaweza kuua mmea wa ndani, kwa hiyo muulize mwenye mmea kwanza. Na yale ninayoyakumbuka mimi peke yangu, nilichelewa kuyasema.

Wenye mimea hii, mnafanyaje vidukari wasirudi? Na mliolea wadogo wasiomkumbuka mama, mlianza kuwasimulia nini?