Kibuyu cha Mama Mkwe

Nimezaa watoto tisa, na wote nimewalisha kwa jembe, sijawahi kubisha hodi kwa mtu kuomba unga. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilizaliwa mwoga. Lakini mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliogopa mpaka nikakonda, kaniki ikawa inanizunguka mara mbili. Niliogopa kwa sababu ya mbegu za maboga. Anayetaka kucheka acheke.

Kwetu ni Mbeya, mlimani, upande wa Wasafwa. Mume wangu alikuja huko kufyatua matofali ya misheni, akanioa, akanileta kwao Kilolo juu ya lori la magunia. Nilifika sijui Kihehe hata cha kuombea maji. Mama mkwe naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu: njoo, kaa, leta, acha. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa hanitazami usoni. Alinitazama mikono.

Tena sikuwa wa kwanza mle ndani. Kulikuwa na mke kabla yangu, akarudishwa kwao. Nikauliza kosa lake. Jirani mmoja akasema uvivu, mwingine akasema mdomo. Wa tatu, tukiwa tunasaga, akasema yule alishika kibuyu. Halafu akaendelea kusaga kama hakusema kitu.

Kibuyu kilining'inia juu ya mafiga ya mama mkwe, cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi. Ndani yake, katikati ya jivu, zilikaa mbegu za boga lake. Lilikuwa boga jeupe kama jivu lenyewe, gumu. Ukiligonga kwa ukucha linalia kama mlango. Likipikwa halitoi maji, na darini linakaa mpaka mvua nyingine. Maboga hayo ndiyo yaliyowavusha mwaka wa nzige, wengine wakizika watoto. Hakumpa mtu mbegu yake, hata dada yake.

Huko kwao, kiangazi kikiingia, watu hushuka bondeni kwenye unyevu kulima vinyungu, wapate mboga na mahindi mabichi wakati mlimani ni vumbi tupu. Mwaka ule tarishi wa jumbe akapita nyumba kwa nyumba. Bwana shamba wa serikali anakuja kufundisha wanawake bondeni. Kila nyumba itoe mtu, na jembe, na mbegu zake. Nyumba isiyotoa mtu itajieleza barazani.

Mama mkwe mguu ulikuwa umevimba. Akasema mimi ndiye ninayejua Kiswahili, niende. Akakitungua kibuyu, akakiweka kwenye mikono yangu miwili.

"Nenda nazo. Rudi nazo."

Bwana shamba alikuja na kaptula iliyopigwa pasi na soksi mpaka magotini. Alipima matuta kwa kamba. Mama mmoja jirani yetu, mwenye sauti nene, akamuuliza kama nyumbani kwake hiyo kamba anaishika yeye au mkewe. Wanawake wakacheka, na yeye akacheka. Mimi nilikumbatia kibuyu changu.

Kisha akaomba ndoo ya maji. Akasema mbegu nzima huzama, mbegu tupu huelea, na ya kuelea itupwe. Akaanza kupita akikusanya mbegu za maboga za kila mtu na kuzimwaga mle mle kwenye ndoo moja. Nikaona anakuja. Mke mgeni hapazi sauti mbele ya wakubwa mwaka wake wa kwanza. Ndivyo nilivyofundwa kwetu, na kwao ndivyo walivyotaka pia. Nikalegeza vidole. Akachukua kibuyu mikononi mwangu, akang'oa gunzi, akamwaga. Jivu likaelea. Mbegu zikazama katikati ya mbegu za watu, na mbegu ya boga ni mbegu ya boga, huwezi kusema hii ya nani.

Mwisho akatugawia, kila mtu gao lake la mkono, sawasawa, akafurahi.

Njiani nilipita palipochomwa majani, nikachota jivu, nikajaza kibuyu pamoja na gao langu la mbegu. Nilipoingia, mama mkwe akauliza nimerudi nazo? Nikasema, "Nimerudi nazo, mama." Mguu wake ulipopoa kidogo tukapanda pamoja, mimi nachimba, yeye anadondosha.

Baada ya hapo sikulala usingizi wa mtu. Boga likiwa jani halisemi kitu. Tulichuma majani tukala na ugali, wote wakisifu, mimi nikitafuna hofu. Yakatoka maua. Kisha vikatoka vitoto, na cha kwanza kilikuwa na milia ya kijani. Cha pili kilikuwa na shingo. Nikavikata kwa kucha vikiwa kama kidole gumba, nikavitupa mtoni. Kila asubuhi nikawahi bondeni kabla ya mtu, mwizi wa shamba langu mwenyewe. Mama mkwe akashangaa mbona maboga hayashiki mwaka huu. Nikasema ni panya. Akanitazama mikono. Kucha zilikuwa za kijani.

Bwana shamba akarudi kukagua vinyungu, wanawake wote nyuma yake, na mama mkwe safari hii akashuka na fimbo yake. Kwenye kinyungu chetu bwana shamba akafunua majani, akainua boga ambalo mimi sikuwahi kuliona, kubwa, lenye milia kama mkeka. Akawaita watu watazame mbegu nzuri ya mama huyu. Mama mkwe akalikaribia. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Hili si langu."

Bwana shamba akasema boga ni boga, mama. Mama mkwe alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikasema yote: ndoo, jivu, panya ambao hawakuwepo. Bwana shamba akatazama soksi zake. Nikasubiri niambiwe nenda kwenu.

"Umezitawanya," mama mkwe akasema. "Kazikusanye. Ukizikosa, lori unajua linaposimama."

Nikazunguka bonde zima na kikapu kichwani. Hili lina milia, hili jekundu, hili tayari wamekula na mbegu wamekaanga. Mmoja akanitania kama natafuta mume mwingine chini ya maboga yake, na mimi nikacheka ili nisilie. Ikabaki nyumba moja, ya yule mama mwenye sauti nene.

Nilimkuta uani na panga mkononi. Boga jeupe lilikuwa limepasuliwa, nusu iko chunguni, na utumbo wake upo chini, kuku wanadonoa. Sikusema hata kamwene, salamu ya kwao. Nilijitupa katikati ya kuku. Yule mama akacheka mpaka akaona uso wangu, ndipo akaacha, akaanza kuwafukuza kuku pamoja nami.

"Mwanangu, mbona siku ile hukusema?"

"Niliogopa, mama."

Akapangusa panga. "Mimi nilijua ni kibuyu cha nani. Nikanyamaza. Miaka yote namwomba boga hili, ananinyima."

Tuliokota mbegu kumi na moja, na moja iliyodonolewa nusu.

Mama mkwe alizimwaga kiganjani, akanusa moja moja. Ile ya nusu akaitupa. Akazianika kwenye ungo mpaka zikakauka, akazitia jivu, akaziba kwa gunzi. Nilidhani atatundika kibuyu mahali pake. Badala yake akachechemea hadi upande wangu, kwenye mafiga yangu mapya ambayo hayakuwa na moshi wa kutosha hata kuchafua dari, akakitundika hapo.

"Kaa nazo," akasema, akatoka.

Nilipika siku ile macho yakiwa juu. Niliogopa panya, niliogopa moto kuzimika, niliogopa mikono yangu. Kurudishwa Mbeya kulikuwa hofu ya mara moja, unalia ndani ya lori inakwisha. Hii ya kibuyu kilicho kwako haiishi. Mpaka leo, nikiamka, kitu cha kwanza natazama juu.