Majibu Yaliyobaki Ndani ya Kalkuleta

Kwa wiki mbili nzima, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, niliamini kwamba kalkuleta hutoka kiwandani ikiwa na majibu ya kuhesabika, kama njiti za kiberiti. Ukibonyeza, moja limetoka. Ukifuta, limekwenda zake. Siku jibu la mwisho likitoka mashine inakufa, na hakuna fundi kati ya Kisumu na London atakayeifufua.

Habari hizi alinipa fundi wa baiskeli tuliyekaa naye dawati moja kwenye shule ya jioni. Majirani waliiita ngumbaru ili kutuudhi. Tulisomea kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu, na hesabu zote ngumu tulizitafuta kwenye kitabu cha logi, chenye majibu yaliyopangwa safu kwa safu.

"Omera, ndugu yangu," aliniambia, "majibu ya kitabu cha logi yalitoka wapi?"

"Yalichapishwa."

"Na watu, sivyo? Basi hata ndani ya hiyo kalkuleta uliyoazimwa kuna mtu aliyaweka. Sasa angalia ilivyo ndogo kuliko kitabu. Yanaweza kutosha mangapi?"

Nikaipima kwa kiganja.

"Tena si mpya. Mwenyewe ameshakula mengi. Wewe umeachiwa makombo."

Kalkuleta yenyewe haikuwa yangu. Nilifanya kazi katika kiwanda cha samaki, meza ya minofu. Mbuta, wale sangara wa ziwani, walitoka Asembo Bay na kwingineko wakiwa kwenye barafu, sisi tukawapasua. Kwa miaka sita nilikuwa nimepasua mbuta wa kutosha kujenga daraja la mifupa hadi Uganda. Vidole vilikuwa vimeanza kukataa. Asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya shati, mke wangu akanifungia kama mtoto wa nasari.

Kisha ikatokea nafasi ya kuandika na kuchora joto la chumba cha baridi. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa mama mmoja wa gamboti nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtafiti mmoja aliyekuja kupima samaki alikuwa amemwachia kalkuleta ya kuchora grafu, kubwa kama tofali, yenye kioo kama dirisha la kanisa.

"Nasikia unasoma jioni," aliniambia. "Chukua hii, ujifunze. Baada ya wiki mbili nitakujaribu. Ukiweza, unahamia kwangu. Ukishindwa, unabaki na kisu chako na mimi natafuta mwingine."

Akanionyesha mara moja, tumesimama mlangoni. Hapa unawasha. Hiki kitufe cha rangi, ukikibonyeza kwanza, vingine vyote vinabadilisha kazi. Hapa unaandika mlinganyo. Hapa ni dirisha: unaiambia mashine ianze kuonyesha wapi na iishie wapi, juu na chini, kushoto na kulia. Hapa unachora. Kwa mishale hii unatembea juu ya mstari ukisoma namba. Kisha akasema kuna alama mbili za kutoa: moja ya kutoa namba kwa namba, nyingine ndogo, ndani ya mabano, ya namba iliyo chini ya sifuri. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza sala ya chakula huku ameona nyama.

Nyumbani Migosi niliiweka juu ya kabati la vikombe, nikaifunika kwa kitambaa. Kuiwasha sikuthubutu. Nilikata katoni ya sabuni, nikachora vitufe vyote kwa biro, kimoja kimoja, na kile cha rangi nikakipaka kweli rangi. Nikafanya mazoezi juu ya katoni. Kabla ya kazi, baada ya shule, hata ugali ukisubiri. Wiki ya pili vidole vyangu vibovu vilikuwa vinakimbia juu ya katoni ile kiasi kwamba ingekuwa kinanda, Migosi yote ingecheza.

Mke wangu alikuwa akifuma sweta. "Baba, hebu nigawie mia moja thelathini na mbili kwa nne."

"Hapana! Unataka kumaliza majibu ya watu?"

"Yaani hicho kitu kimekuja kukaa tu, kama mgeni wa heshima?"

Nilimgawia kwa chaki ukutani. Thelathini na tatu. Alinitazama, akatazama kitambaa, akaendelea kufuma.

Siku ya kujaribiwa yule mama msimamizi aliniketisha kwenye stuli nje ya chumba cha baridi. "Chumba kiko digrii mbili chini ya sifuri. Kinashuka digrii mbili kila saa. Nichoree, halafu nionyeshe ni baada ya masaa mangapi kitafika kumi na nane chini."

Kichwani nilijua: masaa manane. Lakini alitaka kuona mstari. Nikaomba kimya kwamba mtafiti yule hakuwa mtu wa hesabu nyingi. Nikawasha. Vidole vikaruka kama kwenye katoni: toa mbili, toa mbili mara masaa. Nikabonyeza kuchora.

Kioo kikaandika kwamba nimekosea.

Katoni haikuwahi kunikatalia. Nikakumbuka ile alama ndogo ya mabano, ambayo kwenye katoni nilikuwa nimeichora lakini sikuwahi kuigusa. Nikarudi, nikabadilisha ya mwanzo tu. Nikachora tena.

Safari hii haikulalamika. Ilifikiri kidogo, kisha ikatulia. Kioo kitupu. Hakuna mstari, hakuna nukta. Nikabonyeza tena. Kitupu. Nilihisi vifungo vya shati vikinisubiri, kila asubuhi, hadi kufa.

Nikaiweka mezani kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe. Majibu yameisha."

"Yameisha vipi?"

Nikamweleza yote: njiti za kiberiti, makombo, katoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

"Hiyo katoni iko wapi?"

Nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaikunjua, akaikagua kitufe kwa kitufe, akilinganisha na mashine.

"Vyote viko mahali pake," alisema. "Sasa niambie, chumba changu kiko juu ya sifuri au chini?"

"Chini."

"Na dirisha umelifungua wapi?"

Nikaangalia. Lilikuwa linaanzia sifuri kwenda juu, kama alivyoliacha yeye. Nikalishusha hadi ishirini chini, kwa ile alama ndogo, nikachora. Mstari ukateremka kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, nukta baada ya nukta. Nikatembea juu yake kwa mshale hadi kumi na nane chini. Masaa manane.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Jumatatu rudisha kisu stoo. Uje na sweta."

Sweta ilikuwa karibu kwisha, bahati nzuri. Nilisimama niondoke, lakini sikuweza kwenda na jambo lile kifuani.

"Sasa mama, kwa makadirio yako, yamebaki mangapi?"

Akaigeuza kalkuleta, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha.

"Majibu hayaishi," alisema. "Kinachoisha ni betri. Hizi hapa, nne."