Meli Asiyoweza Kuifuata

Zefania Wambura alitoka Musoma akiwa kijana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupaki magari ya wageni kwenye hoteli moja mjini Alexandria, Marekani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Wanakwaya wenzake walimjua kwa besi yake nzito na kwa tabia ya kufika kanisani kabla mlango haujafunguliwa.

Kwenye kwaya hiyo ndiko alikompata Flaviana, binti wa Bukoba aliyekuja kusomea mambo ya hoteli. Masomo yalipokwisha, viza nayo ikaisha. Flaviana hakutaka kuishi kwa kujificha. Akapata mkataba wa kusafisha vyumba kwenye meli ya watalii inayopanda na kushuka mto Danube, huko Ulaya, akaenda. Walikubaliana kwamba Zefania akishapata makaratasi yake, atamfuata, wafunge ndoa popote padri atakapowakubali. Lakini ombi lake la kuishi Marekani lilikuwa limelala uhamiaji muda mrefu, na wakili alikuwa amemwonya: ukivuka mpaka kabla ya jibu, ombi limekufa, na wewe hurudi.

Basi wakawa watu wa simu. Kazi za Flaviana zilikwisha jioni ya kule, ambayo ni mchana wa Alexandria. Zefania alikuwa akiingia kwenye kibanda cha funguo, anakula chakula chake huku akimsikiliza akisimulia vijiji alivyoviona dirishani na wazee waliodai mito ya kulalia iliyo laini zaidi.

Siku moja ya Septemba sauti ya Flaviana ilikuja ikiwa ya chini sana.

"Zefa, kuna mama humu ndani ananitia wasiwasi. Nilikuwa natandika kitanda chake huku naimba, mara akafumbua macho akaniambia, 'Dada, mimi ninajua Kiswahili.'"

Mama huyo aliitwa Yaa. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa Arlington, mji jirani na Alexandria, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni zamani na kukipenda. Baada ya kufiwa na mumewe alijuana mtandaoni na mwanamume aitwaye Desmond, mcheshi, mwenye suti nzuri, naye ndiye aliyemleta kwenye safari ile. Tangu wapande meli, simu na pasipoti ya Yaa vilikuwa mfukoni mwa Desmond. Vidonge vyake vya presha hakuviona tena. Alipewa vingine vilivyomlaza mchana kutwa, na wahudumu wakaambiwa kwamba bibi amechanganyikiwa, asisumbuliwe.

"Yule bwana anasimama mlangoni nikiwa nafanya usafi," Flaviana alisema. "Tunaongea Kiswahili mbele yake. Nashika taulo, naonyesha taulo, anadhani tunaongea habari za taulo."

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Nimemwambia. Kanijibu niache kuingilia ndoa za wageni. Na hata hawajaoana."

Yaa alikuwa na binti mmoja aliyempa jina Kenya, daktari wa meno huko huko Arlington. Namba yake hakuikumbuka, maana namba zote zilikuwa kwenye simu, lakini mtaa wa kliniki aliukumbuka. Flaviana alikuwa amerekodi maneno yake machache. Akamtumia Zefania rekodi hiyo, akamwomba ampelekee huyo binti.

Mwenzake wa kazi, Ochieng, alikuwa ameketi pale kibandani na alisikia yote. "Enda tu, bro," alisema. "Hizi gari nitaziparki mimi. Lakini hii story si ya kukaa nayo."

Zefania alipanda basi, kisha treni ya Metro, akiwa bado na koti la hoteli. Msichana wa mapokezi alimwuliza kama ana miadi. Alisema hana, ila ana ujumbe wa mama yake daktari. Kenya akatoka akiwa na barakoa shingoni, uso wa mtu aliyejiandaa kuudhika. Zefania hakujua aanzie wapi, akaiwasha tu ile sauti.

"Binti yangu," Yaa alisema taratibu, kama mtu anayesema huku anasinzia. "Mimi ninaogopa. Tafadhali njoo."

Kenya hakukijua Kiswahili kwa kukisema. Lakini mama yake alikuwa akimwongelesha hivyo tangu akiwa mdogo, na neno "ninaogopa" alilielewa. Kisha akauliza kwa Kiingereza wewe ni nani, na huyo mwanamke aliyerekodi ni nani, na Zefania akamweleza mpaka mwisho.

Walisimama kwenye korido wakati Kenya akipiga simu. Wenye meli walimwunganisha na chumba. Aliyepokea ni Desmond, kwa furaha kubwa, akampa Yaa simu. Yaa akasema kwa Kiingereza kwamba yuko salama na anapumzika. Kenya akampigia tena mwenye zamu melini, akaambiwa mgeni ni mtu mzima na amejisemea mwenyewe. Polisi wa Arlington walimsikiliza kwa adabu, wakasema mto ule uko mbali na mamlaka yao. Kenya akakata tiketi ya ndege ya Vienna, bandari ambayo meli ilikuwa ikielekea.

"Twende wote," alimwambia Zefania. "Wewe unamjua huyo dada wa melini."

"Siwezi," alisema Zefania. Akamweleza habari za makaratasi. Aliyasema hayo akitazama sakafu, ingawa Kenya hakuwa amemlaumu.

Kesho yake, Kenya akiwa tayari safarini, Flaviana alipiga kwa haraka. Desmond alikuwa amebadili mpango. Alitaka kushuka na Yaa asubuhi inayofuata kwenye bandari ndogo kabla ya Vienna, na gari lilikuwa limeitwa.

"Nitafanyaje nikiona anamshusha, Zefa?"

Zefania alitaka kumwambia akae mbali na watu wale, alinde kazi yake. Alitaka pia kumwambia asimwache mama wa watu.

"Usiwe peke yako na yule bwana," hatimaye alisema.

"Haya. Nimesikia."

Toka asubuhi iliyofuata simu yake haikupatikana tena. Ochieng alimwonyesha ramani ya mtandaoni inayofuata mwendo wa meli, na kutwa Zefania aliitazama ile nukta ya kijani kwenye mto. Ilisimama, ikaenda, ikasimama tena. Alimpa mgeni funguo zisizo zake. Aliligonga gari la mtu kwenye nguzo, akasimama tu akiitazama taa iliyovunjika mpaka Ochieng akaja kumshika mkono. Alijaribu kusali, akajikuta anarudia jina la Flaviana badala ya sala.

Habari ililetwa kwa simu na Kenya, akiwa hospitali ya Vienna kando ya kitanda cha mama yake.

Asubuhi ile, Desmond alipomshika Yaa kwapani kumtoa melini, Flaviana aliwatangulia kwenye daraja la kushukia, akaketi chini katikati yake, akaukamata mkono wa Yaa. Akasema kwa sauti, wageni wote wasikie, kwamba mama huyu hataki kwenda. Desmond alimvuta, simu ya Flaviana ikachomoka ikaanguka mtoni. Flaviana hakuinuka. Nahodha akaja, polisi wa bandari wakaitwa, wakamwuliza Yaa mwenyewe. Akajibu kwamba anaogopa. Walipogeuka kumtafuta Desmond, alikuwa ameshaondoka na lile gari.

"Flaviana yuko wapi?" Zefania aliuliza.

Kenya alimweleza. Kampuni ilikuwa imemfukuza kwa kuzuia wageni njia. Kibali chake kilitegemea kazi ile, kwa hiyo walimpeleka moja kwa moja uwanja wa ndege. Kenya alifika akiwa amechelewa. Flaviana alikuwa tayari angani kuelekea Dar es Salaam.

Yaa alirudi Arlington akapona, ila kwa muda mrefu hakutaka kukaa chumba kilichofungwa mlango. Alimwandikia mwenye kampuni ya meli kumtetea Flaviana, akaandika tena, asijibiwe. Kenya alimpata wakili mzuri zaidi wa Zefania. Wakili huyo naye alisema maneno yale yale ya wa kwanza. Flaviana akaomba viza ya kuja, akanyimwa.

Sasa anapiga kutoka Bukoba, kwa simu ya kaka yake, siku ambazo mtandao unakubali. Juzi Zefania alimwambia kitu kilichomkaa moyoni.

"Siku ile ungeniuliza tena, sijui ningekujibu nini."

"Nilijua hujui," Flaviana alisema. "Nilitaka tu kusikia sauti yako kabla."

"Ningekuwepo ningeketi pale chini na wewe."

Nyuma ya Flaviana mtu alikuwa akiita kuku. Kisha akauliza wakili anasemaje, na Zefania akamjibu kuwa bado.